Siku Niliyobeba Mlima wa Mjapani

Mwaka 1961, nchi inapata Uhuru, mie nilikuwa na miaka kumi na moja, na ndio mwaka aliofariki baba na shida zangu zikaanza, kwa hiyo wenzangu wanaposimulia ngoma na bendera za mwaka ule mie nakumbuka jembe na njaa. Nimeanzia hapo makusudi, mjue ni mtu gani anayesema. Aibu ninayotaka kuieleza ilinikuta miaka zaidi ya kumi baadaye, mbele ya meneja, mbele ya mwenyekiti wa chama wa tawi letu, mbele ya Wachina watatu na Mjapani mmoja, na wapo watu Temeke mpaka leo wakiniona wanaweka mikono nyuma na kuanza kucheka, basi nimeona niiandike mwenyewe kabla hawajaniwahi kuisimulia kwenye matanga yangu.

Niliaibika, sikatai. Lakini mjinga sikuwa, na anayesema nilikuwa mjinga aje nimuulize yeye kwa mikono yake amewahi kutengeneza nini.

Shule niliishia darasa la pili. Baada ya baba kufa nililelewa na mjomba kule Newala (kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto, baba unamheshimu tu), na mjomba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa mpingo. Kwake yeye mti ni mpingo, mingine yote kuni. Alikuwa akisema ukitaka kumpa mtu kitu cha heshima, mpe mpingo, ukimpa kingine umemwambia humjali. Kuchonga sikuweza, mkono wangu unapenda mstari ulionyooka, kwa hiyo nikawa seremala, na nilipofika Dar es Salaam nikiwa na miaka kumi na minane nilikuwa na randa moja, patasi mbili, na kipande cha mpingo urefu wa mkono alichonipa mjomba, akasema kikate siku utakapopata kazi inayostahili.

Sasa mnielewe ile hali ya mji. Miaka ile ilikuwa ya kazi. Asiye na kazi inayojulikana alihesabiwa mzururaji, akapakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji cha ujamaa akalime. Mie kazi nilikuwa nayo, viganja vimejaa sugu, ila sikuwa na karatasi. Asubuhi nilikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Pugu (sikitaji, wenyewe wapo), napigilia misumari makasha, jioni natengeneza vitanda na viti kwenye banda nyuma ya chumba nilichopanga Temeke. Kibarua hapewi barua ya ajira. Balozi wetu wa nyumba kumi alishanijia mara tatu, ananipenda lakini anaogopa, akasema ndugu Saidi, mwisho wa mwezi naandika majina, nikute una barua ya kiwanda, la sivyo nitakuandika. Nina mke, nina mtoto wa miezi minane. Hiyo barua ndiyo niliyokuwa naiota.

Pale kiwandani palikuwa na Mjapani, Bwana Mori, aliyekuja kuwafundisha mafundi mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kila neno aliloliokota aliliweka mahali pake. Siku moja alisimama akiangalia ninavyounga pembe za kasha, akaangalia muda mrefu kupita kawaida, akanichukua mpaka nyumbani kwake Kinondoni. Akatoa kisanduku chembamba, ndani yake kitu kimeviringishwa kama msala, akakitundika ukutani kikateremka chenyewe mpaka karibu na kiuno.

Ilikuwa picha. Imechorwa kwenye karatasi, karatasi imebandikwa kwenye kitambaa cha hariri, juu kuna kijiti cha kutundikia na chini kuna mti wa mviringo wa kuivuta inyooke. Wino mweusi mtupu. Milima juu ya milima, maporomoko ya maji, daraja, na mzee mmoja mdogo kama punje ya mchele anavuka daraja na fimbo yake. Nusu nzima ya picha haina kitu, nyeupe tu, nikadhani wino uliwaishia (baadaye nikaambiwa ule ni ukungu). Akanieleza kwamba imechorwa na babu yake, na kwamba babu huyo hajawahi kutoka Japani, alijifunza kwa kuangalia picha za Wachina wa zamani sana, kwa hiyo mlima ule ni wa Uchina. Nikamuuliza, babu alichora mlima asioujua?

"Anajua," akasema. "Miaka arobaini, anachora huu huu."

Hilo nikalielewa, maana mjomba alichonga mashetani maisha yake yote na hajakutana na hata mmoja.

Shida ilikuwa ule mti wa chini. Joto letu na wadudu wetu viliukuta, umebunguliwa, ukiubonyeza unatoka unga. Alitaka mwingine. Jumapili ya wiki inayofuata alikuwa na wageni, Wachina wanaojenga reli wanakuja kunywa chai, na alitaka sana waione hiyo picha, Mjapani anayewaonyesha Wachina mlima wao. Meneja naye atakuwepo. Akasema kazi ikiwa nzuri atazungumza na meneja, na barua yangu itatiwa sahihi hapo hapo. Neno "barua" alilitamka vizuri kuliko yote.

Kisha akanikabidhi picha ndani ya kisanduku chake, na ule mti mbovu niuchukue kama kipimo. "Mwepesi," akasema. "Sawasawa na huu." Akarudia mara ya pili. Siwezi kusema sikusikia.

Nilipofika nyumbani nikaupima kiganjani, mwepesi kama gunzi. Nikawaonea huruma. Nikasema hawa watu hawana miti, ndiyo maana wadudu wameula, na mie nimpe mtu gunzi lingine, la picha ya babu yake, mbele ya wageni wa taifa lingine? Nikainama chini ya kitanda nikatoa kile kipande cha mpingo cha mjomba. Ndio uamuzi wenyewe huo. Ulinichukua muda wa kuinama na kuinuka.

Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa anashona nguo za watu, kitambaa anakijua. Akaigusa ile picha kwa ncha za vidole kama anagusa mgonjwa, akaniambia, "Baba Zuhura, hariri hii imechoka. Hii ni ya kukunjwa na kutunzwa, si ya kubebeshwa." Nikamwambia yeye ana sindano na mie nina randa, kila mtu ashike chake. Akasema basi itundike humu ndani siku moja tuione. Nikajibu picha ya watu haitundikwi kwenye chumba cha udongo ikadondokewa na vumbi. Akasema "haya". Na mwanamke wa Temeke akikwambia haya, ujue amekuachia jembe uchimbe kaburi lako mwenyewe.

Kazi niliifanya, jamani. Niliunyoosha ule mpingo mpaka ukawa kama umemiminwa, nikaupiga msasa siku tatu, nikaupaka mafuta, miishoni nikaukereza vichwa viwili vidogo vya kushikia, ukang'aa kama jicho la ng'ombe. Ukiushika unasikia heshima. Nikaubandika kwenye kitambaa kwa gundi yangu ya kuchemsha. Halafu, kwa kuwa moyoni nilijua nimeambiwa mwepesi, sikuipeleka mapema. Nilifika Kinondoni Jumapili wageni wakiwa wanashuka kwenye gari, nimevaa koti la kuazima kwa jirani, na Bwana Mori aliponyoosha mkono aipokee nikamwambia hapana bwana, kazi ya fundi aitundike fundi. Nikaitundika mwenyewe. Akauona ule weusi unang'aa, akainamisha kichwa kunishukuru, na mie nikavimba.

Sebule ilijaa. Meneja alikuja na suti ya mikono mifupi na viatu vya wazi, kwa kuwa ni Jumapili. Mwenyekiti wa tawi alikaa kiti cha mbele. Wachina watatu, mkubwa wao mzee mfupi mwenye miwani na shati limefungwa mpaka shingoni, na mmoja kijana aliyejua Kiswahili ndiye mkalimani. Mzee Mchina akaisogelea picha, pale juu pembeni palipo na maandishi, akayasoma kwa sauti, kwa Kichina. Alipomaliza, Bwana Mori naye akayasoma yale yale kwa Kijapani. Sauti mbalimbali kabisa, herufi zile zile. Mkalimani akasema ni habari za mzee anayerudi nyumbani mvua ikiwa imekatika. Mie niliyekuwa naendaga kisomo cha jioni kuhangaika na ba be bi niliduwaa, watu wawili wasiosikilizana wanaelewana ukutani. Bwana Mori alikuwa na uso wa mtu aliyepokea wageni wa babu yake.

Hapo ndipo nikausikia. Mlio mdogo, kama kanga kuukuu inapopasuka pindoni. Nikatazama, upande wa kushoto juu kidogo ya mti wangu, hariri imeachia kama upana wa ukucha. Nikiwa bado natazama ikaachia ukucha wa pili.

Sikufikiri. Nilipiga hatua mbili nikaupa ukuta mgongo, nikapitisha mikono nyuma, nikaushika ule mpingo kwa viganja viwili nikauinua kidogo. Mlio ukakoma. Nikashusha pumzi, nikasimama wima kama askari wa Ikulu, mbele ya wageni wote, nimeiziba picha kuanzia darajani kwenda chini.

Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Ndugu fundi, sogea kidogo, wageni hawaoni."

Ningesema ukweli pale pale mambo yangeisha. Lakini nimekaa wiki nzima nautukuza mpingo, na barua iko kwenye mfuko wa meneja naiona ncha yake. Nikasema wataona tu, ndugu Mwenyekiti, ila kwanza niwaeleze maana yake. Nikaanza kuhutubia. Nikasema mlima ule ni kama Kilimanjaro ila wa Kichina, maji yale ni juhudi za wananchi, na yule mzee wa darajani (sikumwona kwa kuwa nimempa mgongo, nikamwonyesha kwa kidevu) ni mkulima anahamia kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti akapiga makofi. Mkalimani akatafsiri, sijui alitafsiri nini, Wachina nao wakapiga makofi. Moyo ukapanda, nikajiona nimeokoka, mpaka Mwenyekiti alipouliza kwa furaha, na hicho kijiji chenyewe kiko wapi pichani? Nikakumbuka ile sehemu nyeupe. Nikasema, "Kijiji bado hakijajengwa, ndugu Mwenyekiti, pale pamebaki patupu."

Makofi yaliisha hapo.

Ikaletwa chai. Mpishi akanisogezea kikombe usoni, nikakataa kwa kichwa. Sambusa, nikakataa. Jasho linanitiririka ndani ya koti la watu, mabega yanawaka moto, kwa kuwa mpingo ukiushika dakika moja ni heshima, ukiushika robo saa nyuma ya mgongo ni adhabu. Bwana Mori alikuwa ananitazama sasa, anatazama mabega yangu.

Meneja hakuona mabega. Alitaka kumaliza aondoke. Akatoa ile barua, akaikunjua mezani, akatia sahihi yake, akasema kwa sauti ya kuwafurahisha wageni kwamba kiwanda kinawajali mafundi wazalendo, "Saidi, njoo uchukue barua yako."

Kutoka nilipo mpaka mezani ni hatua nne. Nilizihesabu. Nikamwona mwanangu, nikaliona lori. Na kwenye viganja nikahisi ule uzito, nikajua nikiuachia tu, hariri itapasuka kutoka chini mpaka juu, na ule mlima wa miaka arobaini utagawanyika mbele ya macho ya mjukuu. Nyie mnaocheka mniambie mngefanya nini. Mie sikwenda.

Nikasema, "Ndugu Meneja, niletee hapa hapa."

Meneja akauliza taratibu, "Nikuletee? Mimi?"

"Nitilie tu mfukoni mwa koti."

Nilisema kwa adabu zote nilizonazo, wallahi, lakini hakuna adabu inayoweza kuyafunika maneno yale yakitoka kwa kibarua kwenda kwa meneja. Akainuka na barua yake akanijia mpaka puani, akaniuliza kama nimelewa. Mwenyekiti naye, ambaye bado ana uchungu wa kijiji kisichojengwa, akanishika mkono wa koti akavuta, akasema ndugu, unaliaibisha tawi.

Kiganja cha kushoto kikateleza kwa jasho. Mti wa mpingo ukalala upande, hariri ikatoa mlio mmoja mrefu, na kazi yangu yote ikashuka na kichwa kimoja kilichokerezwa vizuri kikatua kwenye vidole vya mguu wa meneja, vile viatu vya wazi. Alimwita mama yake. Akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye gari, na barua ilikwenda naye, nikaiona imekunjamana kwenye ngumi. Mwenyekiti alibaki ameshika kipande cha mkono wa koti la jirani yangu.

Picha nayo ilikuwa chini, imeng'oka msumarini. Nilipiga magoti kuitazama kabla ya mtu yeyote. Palipochanika ni kwenye kitambaa cha pambizo, upana wa kiganja chini ya mchoro. Mlima mzima. Daraja zima. Kizee na fimbo yake, kizima. Bwana Mori akauokota ule mti akaupima mkononi, uso ukambadilika, akaelewa kila kitu, mpaka kwa nini nilisimama pale.

"Nilisema mwepesi," akasema.

"Nilikupa mti bora kuliko yote ya nchi hii."

"Bora, ndiyo." Akaitazama picha. "Picha ni mzee, fundi. Mzee hapana beba."

Yule mzee Mchina akavua miwani, akapiga magoti upande wa pili, wakaiviringisha wao wawili polepole. Mie nikatoka na koti la mkono mmoja nikatembea Kinondoni mpaka Temeke kwa miguu, na sijui ni nani aliyenitangulia, kwa kuwa nilipofika kwenye kona ya mtaa wetu walishaniita Nguzo. Fundi Nguzo. Miaka mingi waliniita hivyo. Mama Zuhura alilichukua koti akaanza kutafuta uzi wa rangi ile.

Jumanne Bwana Mori alikuja Temeke, peke yake, na kisanduku chake na kipande cha ubao mwepesi kilichotoka kwenye makasha ya mashine zao. Akaketi kwenye kigoda bandani kwangu. Nikapiga randa. Kila nikipiga mara tatu nne anachukua, anapima kiganjani, ananirudishia. Mwanzo nilikasirika, nani kakwambia sijui kazi, kisha nikaanza kupima na mie kabla sijampa, na mwishowe tulikuwa tunakubaliana kwa macho. Hariri aliishona Mama Zuhura kwa sindano nyembamba kuliko zote alizonazo, akaweka na karatasi nyuma kama alivyoelekezwa. Tukaitundika kwenye kile kile chumba changu cha udongo. Ikateremka, ikatulia. Nikamwambia, Bwana Mori, nilikosea, nisamehe. Akainamisha kichwa. Akanieleza kwamba amemwomba meneja mara mbili kuhusu barua, na mara zote mbili meneja alimjibu kwa kumwonyesha mguu.

Mwisho wa mwezi balozi aliandika majina, na langu lilikuwemo. Alilia akiandika. Tukapakiwa kwenye lori, mie na mke na mtoto na randa, tukavushwa Kigamboni mpaka kijiji kimoja huko ndani, nikapewa jembe. Mwezi wa kwanza nililima vibaya kuliko wote. Lakini nyumba zilikuwa zaidi ya arobaini na hakuna hata moja yenye mlango, watu wanalala wameegemeza mikeka, fisi wanapita. Nikatengeneza mlango wa kwanza, wa mjane mmoja, na kabla sijaanza wa pili nilimuuliza mwenyewe anataka uzito gani, nani ataufungua, ana nguvu kiasi gani. Hapo kabla nilikuwa siulizi. Nikatengeneza milango yote, kisha madawati, kisha shule nzima, na watu wa mjini waliponihitaji walivuka maji kunifuata, na hakuna aliyeniuliza nimeajiriwa na nani.

Basi somo langu ndilo hilo, lichukueni au mliache. Mtu akikwambia anataka kitu chake kiwe hivi, mfanyie hivi, usimwongezee heshima asiyoiomba. Nimeapa sitarudia, na sijarudia. Bwana Mori nilimwomba radhi. Meneja sijamwomba na sitamwomba, mguu ulipona. Na kuhusu mpingo sifuti hata neno moja, asiyeuweza ni kitambaa.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba sita Temeke. Nina nyingine ya vyumba vitatu Tabata, imepangishwa. Nina ekari nne Kigamboni, minazi na mihogo. Nina karakana yenye randa ya umeme, msumeno wa meza na mashine ya kukereza, na mafundi saba. Nina mke mmoja, yule yule, cherehani mbili ni zake. Nina watoto watano, wote wamesoma kunishinda na wote wananiamkia shikamoo. Nina kiwanja Mbagala, hakijajengwa. Vyote vina hati, na kila hati ina jina langu, nimelisoma mwenyewe.